Kinanda Chenye Vibao Vizito

Kinanda kiliingia Kigoma kwa treni, kwenye boksi refu lililohitaji wanaume wawili kulibeba. Kabla hata hakijapandishwa kanisani Gungu kutoka stesheni, wanakwaya walikuwa wanaulizana swali moja tu: Mwalimu Genoveva ameshakiona?

Si kwamba yeye ndiye aliyekiagiza. Aliyekiagiza ni Mzee Feliksi, mwenyekiti wa kwaya, mfanyabiashara wa mawese na dagaa mwenye duka lake mtaa wa Mwanga, jirani na soko. Lakini Mzee Feliksi mwenyewe alishatangaza mbele ya kwaya nzima, mazoezi yalipokwisha na watu wakiwa bado wamesimama.

"Mimi kazi yangu ilikuwa kukileta," alisema. "Muuzaji ametupa nafasi ya kukijaribu. Mwalimu Genoveva akisema kizuri, kinabaki. Akisema kibaya, kinapanda treni kinarudi kilikotoka. Tusije tukabishana baadaye."

Hakuna aliyepinga. Pale Gungu masikio ya Genoveva yalikuwa kama mizani ya sokoni ambayo kila mtu ameikubali. Ukishapimiwa pale, huna haja ya kwenda kupima kwingine. Kuna mwaka kwaya ya wageni iliimba kwenye tamasha bila kinanda, wimbo mrefu, ikapigiwa makofi mpaka vumbi likatimka. Genoveva, aliyekuwa amekaa viti vya nyuma, akasema wameanza juu wakamalizia chini, nusu sauti nzima imepotea njiani. Theophil, mwalimu wa kwaya, akabisha. Wimbo uliofuata mpiga kinanda wa wageni akagusa sauti ya kuanzia, na kwaya yake ikajikuta inapapasa kama mtu aliyekosea mlango. Tangu siku ile Theophil hakubishana tena na Genoveva juu ya sauti. Genoveva naye hakujifanya mnyenyekevu. Alijua anachokijua, wala hakuona sababu ya kukificha chini ya mkeka.

Alijifunza kwa masista akiwa binti mdogo, kwenye piano ya mbao hasa, ile yenye nyundo ndani na nyaya za chuma. Mchwa na unyevu wa ziwa viliimaliza piano ile kidogo kidogo mpaka ikabaki kuwa meza ya kuwekea maua. Baadaye Genoveva akawa mwalimu wa jiografia sekondari, na kila Jumapili akawa mpiga kinanda wa kanisa, miaka nenda miaka rudi, kwenye kinanda cha umeme chenye vibao vya plastiki vyepesi kama maganda ya karanga. Kinanda kile alikivumilia tu. Ukikigusa kwa upole au ukikipiga kwa hasira, sauti ilikuwa ileile. Hakikujua tofauti ya mtu anayeomba na mtu anayegomba.

Hiki kipya, walivyoambiwa, kilikuwa sintesaiza ya aina nyingine: vibao vizito, vilivyotengenezwa vijibu mkono kama vya piano. Genoveva alipoisikia habari hiyo moyo ulimruka. Kisha akautazama mkono wake wa kulia, na moyo ukarudi ukakaa.

Maana kulikuwa na jambo moja ambalo kwaya haikulijua. Kwenye mvua za mwaka uliopita alikuwa anashuka kwenye boti pale Kibirizi, akitoka kumwona dada yake kijiji cha kaskazini, kandokando ya ziwa. Akakanyaga jiwe lenye utelezi, akaangukia kiganja. Kifundo cha mkono kikavunjika. Hospitali walimfunga vizuri, mfupa ukaunga, na siku aliyorudi kukaa kwenye kinanda kwaya ilimpigia vigelegele. Ila kidole cha pete na kile cha mwisho havikurudi kama vilivyokuwa. Vilikunjika na kukunjuka, vilishika chaki, vilishika kikombe. Nguvu ya kusukuma ndiyo iliyokuwa haipo. Na kwa kuwa kile kinanda chepesi hakikujali nguvu, hakuna sikio lililojua. Kwa mara ya kwanza maishani Genoveva alikishukuru kwa ubovu wake.

*

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, walikutana kwenye chumba cha mazoezi nyuma ya kanisa. Dirisha lilikuwa wazi, na chini kati ya mapaa ya mabati kilionekana kipande cha ziwa. Mvua ya juzi ilikuwa imeiosha hewa, hata milima ya Kongo ng'ambo ilikuwa imejitokeza kama vile mtu ameisogeza karibu.

Mzee Feliksi alikuwepo, amevaa shati lake la Jumapili ingawa haikuwa Jumapili. Theophil alikuwepo, ameshachomeka waya na kuwasha taa zote za kinanda. Na alikuwepo Winfrida, binti mrefu, mkimya, ambaye Genoveva alimfundisha shuleni na akamfundisha kinanda pia. Siku hizi Winfrida alipiga kwenye bendi ya maharusi, na kwa kuwa alizijua nyaya na spika kuliko wote, Theophil alimwomba aje. Alikuwa ameletwa na bodaboda kutoka Katubuka, na nywele zake bado zilikuwa na upepo.

"Shikamoo, Madam," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekigusa?"

"Bado. Nimekungoja wewe."

Genoveva alivua saa, akavua bangili, akaviweka dirishani. Akavuta kiti, akakaa. Kisha akamwambia Theophil, "Chomoa."

"Nichomoe nini, dada?"

"Umeme. Nataka kwanza nikishike kikiwa kimelala."

Theophil akachomoa. Taa zikazimika. Genoveva akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia vibao, akaanza kubonyeza kimoja kimoja kuanzia kushoto, polepole, kama daktari anayegonga mgongo wa mgonjwa. Mzee Feliksi akamtazama Theophil. Theophil akamwashiria asubiri.

Kinanda kilichotengenezwa ovyo hujisema chenyewe kikiwa kimezimwa. Vibao hugongana kama meno ya mtu mwenye homa. Kimoja kigumu, cha pili kimelegea, cha tatu kinakwaruza jirani yake. Hapa Genoveva hakusikia kitu kama hicho. Alisikia mdundo mdogo, mzito, wa namna moja, kama embe linaloangukia kwenye majani. Chini ya kidole alihisi kitu kinanyanyuka na kushuka, kinyundo kidogo kilichofichwa ndani. Upande wa besi vibao vilikuwa vizito kidogo zaidi, na kadiri alivyopanda kulia vilipungua uzito bila kuruka, kama ilivyo kwenye piano ya kweli. Ngozi ya vibao nayo haikuteleza. Ilikuwa na ukavu fulani, ambao hata jasho la Kigoma mwezi wa kumi lisingeushinda.

Kwa dakika chache alikuwa amesahau kwamba kuna watu chumbani. Alikuwa binti mdogo tena, mwenye miguu isiyofika chini vizuri, kwenye ukumbi wa masista, na harufu ya nta ya sakafu puani.

"Washa," alisema.

Alianza na sauti moja ya besi. Akabonyeza, akashikilia, akafumba macho. Sauti ikajaa chumba, ikaanza kupungua, ikapungua, na wote wanne wakajikuta wanaisikiliza inavyokwenda. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Hata yeye walimsikia vizuri. Genoveva hakuinua kidole mpaka sauti ilipokwisha kabisa.

"Kinanda cha uongo," aliwaambia, "kikishapiga sauti hakijui kuimalizia. Kinaanza kuirudia, wiu, wiu, wiu, kama mzee aliyesahau alikuwa anasema nini. Hiki kimemsindikiza mgeni wake mpaka barabarani."

Mzee Feliksi akatabasamu. Maneno hayo aliyaelewa.

Genoveva akachukua kibao kimoja cha katikati, akakigonga kwa kidole cha shahada, kwanza kama anayebisha hodi kwenye chumba cha mgonjwa, kisha kwa nguvu zaidi, kisha zaidi. Haikuwa kelele tu iliyoongezeka. Sauti yenyewe iligeuka rangi. Chini ilikuwa laini na yenye giza kidogo, juu ikawa angavu, karibu ya kukata. Akakigonga harakaharaka mara nyingi kuona kama kinyundo kinawahi kurudi. Kiliwahi. Akakanyaga pedali, akaweka sauti juu ya sauti, nyingi za mkono wa kushoto, akasikiliza kama zile za kwanza zitakatwa ili kupisha za mwisho. Hazikukatwa. Zilikaa pamoja kama ndugu kwenye msiba.

"Sasa utupigie wimbo, dada," alisema Theophil, ambaye uvumilivu ulikuwa umemwishia. "Ule wa kutoa sadaka. Niusikie."

Genoveva alijua kwamba hapo ndipo mkono utakapoumbuka. Lakini hakuwa mtu wa kusogeza kiti nyuma. Akaanza. Mkono wa kushoto ulitembea kama mwenye nyumba. Wa kulia ukaingia, na vidole vitatu vya kwanza vikasema maneno yao vizuri. Kisha wimbo ukapanda kwenye soprano, kule ambako vidole viwili vya mwisho ndivyo vyenye kazi, na sauti zikaanza kupotea. Moja ikatoka kama mnong'ono. Iliyofuata haikutoka kabisa. Akasukuma kwa kifundo, sauti ikaruka kubwa kupita kiasi, na maumivu yakampanda mpaka kwenye kiwiko. Akaufikisha ubeti mwisho, akaondoa mikono, akaiweka mapajani.

Theophil alikuwa amekunja uso. "Mbona kuna sauti zinamezwa? Kule juu. Hamjasikia?"

"Hata mimi nimesikia," alisema Mzee Feliksi.

"Vibao vya juu vina shida," Theophil akaendelea, na sauti yake ikapata uhakika kadiri alivyosema. "Vingine vinakubali, vingine havikubali. Nilisema mimi, kitu kikisafiri na treni, huwezi kujua kimegongwa wapi."

Mzee Feliksi akamgeukia Genoveva. "Mwalimu, kama ni kibovu, sema tu. Kesho kutwa treni ipo. Wala usinionee haya kwa kuwa nimeshahangaika. Nitatafuta kingine chepesi kama kile tulichozoea."

Mlango ulikuwa umefunguliwa, na hakuwa yeye aliyeufungua. Alichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa tu. Kinanda kingerudi stesheni, kingine chepesi kingekuja, na yeye angekalia kiti chake Jumapili baada ya Jumapili mpaka uzee. Hakuna ambaye angeuliza. Neno lake lilikuwa mizani.

Alimtazama Winfrida. Winfrida alikuwa anatazama sakafu.

"Nipeni nafasi kidogo," Genoveva alisema. "Nendeni mkanywe soda. Nataka kukisikia bila watu."

*

Wanaume wakatoka. Winfrida naye alianza kutoka, Genoveva akamwambia, "Wewe baki. Njoo upige huo ubeti."

"Ule ule?"

"Ule ule. Usiharakishe."

Winfrida akakaa. Mwanzoni mikono yake iligoma kidogo. Uzito ule ulikuwa mgeni kwake, maana alilelewa kwenye vibao vyepesi tangu siku ya kwanza. Akaacha, akaanza upya. Mara ya pili vidole vikaelewa. Soprano ikapanda, kila sauti mahali pake, wala hakuna hata moja iliyomezwa. Genoveva alisikiliza akiwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani, na hakuweza kusema ni kitu gani kilimuumiza na ni kipi kilimfurahisha, maana vyote viwili vilikuja kwa mlango mmoja.

Winfrida alipomaliza hakugeuka. "Ni mkono, Madam?" aliuliza.

"Umejua lini?"

"Sikukuu ya Pasaka. Ulibadilisha vidole kwenye ule wimbo wa Aleluya. Ulinifundisha kwa kidole cha nne, wewe ukapiga kwa cha tatu. Nikasema moyoni, Madam hajawahi kubadilisha kidole bila sababu."

Genoveva akacheka kidogo. "Nilikufundisha kusikia, kumbe nilikufundisha na kupeleleza."

Winfrida akageuka sasa. "Madam, nikisema ni kinanda, wataamini. Mimi nashinda na vinanda. Nitawaambia mashine za ndani zimelegea. Mwalimu Theo ameshaanza kusema mwenyewe."

Alisema kwa upendo, na Genoveva aliupokea kwa upendo. Lakini hakuhitaji kulifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kama alivyodhani angehitaji. Akavuta kiti kingine, akakaa karibu na binti.

"Sikiliza, Winfrida. Mkono wangu umevunjika, umeunga, lakini vidole havijarudi, na pengine vitarudi, pengine havitarudi. Hilo ni la Mungu na la daktari. Lakini masikio yangu hayajavunjika. Yamekisikiliza hiki kitu kuanzia chini mpaka juu, na yameniambia kwamba mji huu haujawahi kupata kinanda kama hiki tangu ile piano ya masista. Nikiyakana leo, kesho nikisema kwaya imeshuka nusu sauti, nani ataniamini? Hata mimi mwenyewe sitajiamini. Kupiga nitaacha siku moja, kila mtu anaacha. Kusikia siachi."

"Basi utawaambia?"

"Nitawaonyesha. Theophil si mtu wa kuambiwa."

Mzee Feliksi na Theophil walirudi na chupa za soda mkononi. Genoveva akamwita Theophil asimame ubavuni kwake, pale anapoona vibao vizuri.

"Umesema vibao vya juu vinameza sauti," alisema. "Vipi?"

Theophil akanyoosha kidole. "Hivi hapa. Na hiki cheusi."

Genoveva akaupitisha mkono wa kushoto juu ya ule wa kulia, akavigonga vibao vilevile. Vikalia vyote, vizuri, kimoja baada ya kingine. Kisha akavigonga kwa kulia, kwa vidole viwili vya mwisho. Kimoja kikanong'ona. Kingine kikanyamaza. Akarudi kushoto: vikalia. Kulia: kimya. Akaacha masikio yao yafanye kazi.

Theophil alitazama vibao, akatazama mkono, na uso wake ukabadilika. "Dada," alisema taratibu. "Tangu lini?"

"Tangu Kibirizi. Kile kinanda cha zamani kilinifichia. Hiki hakifichi kitu, na ndiyo maana ni kizuri." Akamgeukia Mzee Feliksi, akaongea kama anayesoma matokeo ya mtihani. "Mzee, hiki kinabaki. Sauti ya piano ni ya kweli, besi ina kifua, katikati kuna utamu ambao waimbaji wetu wa soprano wataupenda. Kule juu kabisa sauti zinalia kama kijiko kwenye glasi, ila sisi hatuna wimbo unaofika kule. Sauti ya fidla ni ya bandia, isipigwe peke yake. Ikichanganywa chini ya piano itafaa. Ile ya kinanda cha kanisani ni nzuri, lakini vibao hivi vitamchosha mtu kwenye nyimbo ndefu, kwa hiyo mpigaji ajue. Midundo ya ngoma imo ya kila aina. Sijaifungua na sitaifungua. Na hizi spika zetu hazikifai, zinakifanya kiongee puani."

Mzee Feliksi alikuwa bado ameshika chupa yake. Mtu huyu alishazoea kupimana na watu sokoni, na alijua mtu anapotoa kitu chake mwenyewe mfukoni.

"Ungeweza kusema ni kibovu," alisema.

"Ningeweza."

"Na mimi ningekirudisha."

"Najua. Ndiyo sababu nimesema kizuri."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kwa namna ya mtu anayekubali bei bila kuongeza neno. Theophil ndiye aliyeuliza lile lililobaki. "Sasa nani atakipiga?"

"Umesimama naye chumbani tangu saa nane," Genoveva alisema.

Theophil alimtazama Winfrida, akakohoa. "Dada, Winfrida anajua, sikatai. Lakini Jumamosi yuko kwenye harusi, anapiga muziki wa kukatika. Waumini watasema nini?"

"Watasema anapiga vizuri. Vidole havina dini, Theophil, vina mazoezi. Na yeye huko maharusini amejifunza kitu ambacho wewe na mimi hatukijui, kuwafuata waimbaji wanapokosea bila mtu kugundua. Kwa kwaya yetu, hilo tunalihitaji kuliko chochote."

Mzee Feliksi alicheka mpaka soda ikamwagika kidogo kwenye shati. Theophil naye, baada ya kujitahidi kununa, akacheka. Winfrida hakucheka. Alikuwa ameushika ukingo wa kinanda kama mtu aliyeshika ukuta wa boti.

"Madam," alisema, "mimi sijapiga misa hata moja."

"Kesho utapiga. Mimi nitachukua wimbo wa komunyo, ule wa polepole, nitaupanga upya kwa vidole nilivyonavyo. Nyingine zote ni zako."

*

Jumapili Genoveva alikaa chini, kwenye mabenchi, kati ya watu. Hilo halikuwa jambo dogo. Watu waliopita walimsalimu na kumtazama mara mbili. Verediana, mwanamke mtu mzima wa sauti ya alto ambaye goti lilikuwa limemzuia kupanda kwenye jukwaa la kwaya, alimsogezea nafasi. "Mwakeye," alimsalimu kwa Kiha, kisha akanong'ona kwa Kiswahili, "Leo umefukuzwa?"

"Nimekuja kusikiliza," alisema Genoveva.

Wimbo wa kuingia ulikwenda mbio. Winfrida alikuwa na hofu, na hofu ilimsukuma. Kwaya ikamkimbilia nyuma, Theophil akawa anapunga mikono kama mtu anayezuia ng'ombe barabarani. Genoveva aling'ata mdomo. Kuna sauti mbaya moja moyoni mwake ilifurahi kidogo, akaisikia, akaiambia ikae. Ubeti wa tatu Winfrida akatulia. Alifanya kitu ambacho Genoveva asingekifanya: aliacha mkono wa kulia ukanyamaza kabisa, akabaki na besi peke yake, mpaka kwaya ikajikuta inamsubiri. Kisha akairudisha soprano, na safari hii wakaenda pamoja.

Kutoka kwenye mabenchi sauti ilikuwa kitu kingine. Miaka yote Genoveva alikuwa amekaa juu ya sauti. Hakuwahi kukaa ndani yake. Alisikia besi inapita chini ya mbao za benchi na kumfikia kwenye mifupa ya miguu. Alisikia pia spika ya kushoto inavyochafua kila kitu, akajiahidi kumkumbusha Mzee Feliksi kabla hajafika mlangoni.

Wakati wa komunyo alipanda. Winfrida akampisha, akakaa pembeni kwenye kiti cha kufunulia kurasa. Genoveva alikuwa ameuandika upya wimbo ule alfajiri: soprano ameihamishia mkono wa kushoto, katikati ya kinanda, na mkono wa kulia ameupa kazi ndogo ya vidole vitatu juu yake. Alianza kwa upole ambao kile kinanda cha zamani kisingeujua. Theophil alinyanyua mikono kuleta kwaya kwa nguvu kama kawaida, akasikia kinanda kiko chini kiasi gani, akashusha mikono. Kwaya ikamfuata. Kwa mara ya kwanza waliimba kwa sauti ya chini ya kweli, watu wazima wote wale, kwa sababu kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu cha kuwashika chini kule. Watu waliokuwa kwenye mstari walipunguza hatua. Mtoto mmoja aliyekuwa analia upande wa mlango akanyamaza, au pengine alitolewa nje. Genoveva hakugeuka kutazama.

Kidole cha nne kilitaka kuingia mahali fulani, kwa mazoea. Alikiruhusu mara moja. Kilitoa sauti ndogo sana, nyembamba, lakini ilitoka.

Baada ya misa watu walizingira kinanda kama bibi harusi. Mzee Feliksi alipewa pongezi nyingi na alizipokea zote. Theophil alikuwa anamweleza kila aliyemsikiliza juu ya vinyundo vilivyomo ndani, kana kwamba yeye ndiye aliyevipanga. Genoveva alisubiri hadi umati ulipopungua, akamkuta Winfrida anakunja waya wa pedali, uso wake umechoka na kung'aa kwa pamoja.

"Madam, nimeharibu ule wa mwanzo."

"Uliuharibu ubeti wa kwanza na wa pili. Wa tatu uliutengeneza. Ulivyoacha besi peke yake, nani alikufundisha?"

"Hakuna. Kwenye harusi, bibi harusi akichelewa kuingia ukumbini, unafanya hivyo."

Genoveva akaitikia kwa kichwa, akalihifadhi hilo. "Jumanne jioni uje. Utanionyesha hiyo, na mimi nitakuonyesha pedali. Unaikanyaga kama breki ya gari."

"Sawa, Madam."

"Na ukate kucha."

Winfrida alitazama vidole vyake. Kucha zilikuwa ndefu kidogo, zimepakwa rangi ya zambarau kwa ajili ya harusi ya jana.

"Zinasikika?"

"Zinagonga kibao kabla ya sauti," alisema Genoveva, huku akivaa saa yake. "Nilizisikia nikiwa benchi la saba."